Mama Nimeridhika Anaacha Kiti

Baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi hii ya mawakili, Mama Nimeridhika anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Siku hiyo atafunga droo zake, atavua joho, kisha atanikabidhi funguo za chumba cha nyuma, maana hakuna mwingine anayejua kwamba ule mlango haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Halafu atashuka ngazi kama siku nyingine yoyote. Vitu vyake vyote vina pa kwenda isipokuwa kimoja: kile kiti. Nitakieleza mbele, maana nusu ya ofisi inakitolea macho, na macho yangu mimi yako mstari wa mbele.

Najua mnajiuliza imekuwaje wasifu wa wakili mwandamizi kwenye sherehe hii ya kumuaga ukaandikwa na msambaza hati aliyeishia kidato cha pili. Mawakili ndio waliopewa nafasi ya kwanza, mjue. Mmoja akaleta kurasa nne zinazoanza na "kwa kuzingatia". Mwingine akaleta kitu ambacho ukikisoma unadhani mama wa watu ameshitakiwa. Mkuu wa ofisi akavua miwani, akasema atafutwe mtu anayeandika kama watu wanavyosema. Wote wakanigeukia mimi. Sijisifu, naeleza tu yaliyotokea.

Nchini kwao, Mama Nimeridhika alikuwa wakili, tena wa kutajwa. Miaka kumi na moja alisimama mahakamani huko, na mawakili wachanga walikuwa wakija kukaa nyuma ili waone anavyomhoji shahidi. Kisha mambo ya kwao yakaharibika, akaja huku na sanduku moja ambalo nusu yake ilikuwa joho. Mumewe, fundi wa majokofu, alibaki na mabinti wao wawili mpaka mama apate pa kushika. Akafikia kwa dada yake mkubwa, katika chumba cha stoo ambacho kitanda chake kilipakana na mashine ya kufulia. Mashine ikianza kukamua, kitanda nacho kinatembea. Hapo ndipo aliposomea sheria ya ardhi ya huku, na mpaka leo akisikia mashine ya kufulia inanguruma, vifungu vinamjia vyenyewe.

Maana alilazimika kusoma upya. Baraza la mawakili lilimwambia kwamba shahada yake inatambuliwa ila haitoshi. Akauliza haitoshi kufanya nini. Wakasema haitoshi kusimama mahakamani, yaani kazi ile ile aliyokuwa akiifanya tangu wengine wao wako shule. Afanye mitihani ya sheria za huku, apate ofisi ya kumpa mwaka wa mafunzo ya vitendo chini ya wakili wa huku, halafu aje kwenye usaili. Mtu aliyekuwa akisaili wenzake akaambiwa apange foleni.

Na ofisi ya kumpokea ndiyo ilikuwa kazi. Ofisi ya kwanza walisema ana uzoefu mwingi mno kuwa mwanafunzi. Ya pili wakasema hana uzoefu wa huku, hawezi kuwa wakili. Akarudi ile ya kwanza kuwashauri wakutane na hao wa pili wakubaliane, wao wakimaliza wamwite. Hawakumwita. Kwenye ofisi nyingine, mlinzi alimtazama suti yake, akashindwa kuamua, akamuuliza kama amekuja kwa kesi au kwa kazi ya usafi. Akamjibu, chochote kitakachofungua mlango kwanza.

Kwetu ulifunguka mlango wa chumba cha fotokopi. Mkuu wa ofisi, ambaye enzi hizo alikuwa bado ana nywele, alimwambia waziwazi kwamba nafasi ya mafunzo hana, ana mashine tu na mtu wa mashine ameacha kazi. Akaichukua.

Kile chumba mnakijua. Hakina dirisha, na siku hizi tunawekea mafagio. Ndani yake kulikuwa na mashine inayotafuna karatasi, joto la kutosha kuanika nguo, na kiti chenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulivunjika kabla yake na hakuna aliyewahi kukiri. Mama alikikalia upande, kitabu juu ya ule mkono uliobaki, sikio moja kwenye mashine ili ikianza kutafuna awahi kuizima. Hicho ndicho kiti chenyewe. Baadaye ofisi ilimpa viti vya kila namna, vya kuzunguka na vya kuinamia nyuma, naye akavikaribishia wageni. Hicho cha mkono mmoja alipanda nacho kila alipopanda ngazi, mpaka kikafika ghorofa ya juu, kando ya meza yake.

Sasa niseme jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi kwenye sherehe, na ruhusa nimepewa na mwenyewe. Katika kile chumba Mama Nimeridhika aliona wivu. Si kidogo. Vijana waliomaliza chuo juzi, majoho yao bado yana mikunjo ya dukani, walikuwa wanamrushia makabrasha wakimtaka anakili upesi, eti wanachelewa mahakamani. Akiwapa karatasi zikiwa bado za moto, anatoka mpaka dirisha la ukumbini, anawatazama wakivuka barabara na majoho yakipepea. Kisha anarudi kwenye kiti chake na kufungua kitabu. Niliwahi kumuuliza ni nini kilichomsaidia kufaulu ile mitihani yote mara moja, nikitegemea aseme ni mume, au ni sala, au ni bidii, yale majibu ya watu wakubwa. Akasema, "Wivu ndio ulionisomesha."

Mumewe naye alikuwa na wa kwake. Alipowasili na mabinti na sanduku la spana, alikuta vitabu vimehamia upande wake wa kitanda. Anashinda kutwa kwenye majokofu ya watu, akirudi anakuta sheria ya jinai imelalia mto wake. Alimwambia mkewe kwamba angekuwa ni mwanamume mwingine angejua namna ya kumfukuza, lakini hizi kurasa mia sita afanye nazo nini? Leo yuko hapa meza ya mbele, mwulizeni kama nimeongeza chumvi.

Alipofaulu mitihani, mkuu wa ofisi alimpa ule mwaka wa mafunzo, na mwaka ulipokuwa unaelekea kuisha akampa kesi ya kusimama mwenyewe, yeye mkuu akiwa ameketi pembeni. Hapa ndipo jina lilipozaliwa, basi tulieni.

Mteja alikuwa mama anayeshona sare za shule. Mwenye nyumba alitaka kumtoa dukani, anadai mama huyo alikwisha kukubali kwa mdomo kuhama. Wakili wetu akamhoji mwenye nyumba mpaka jasho likamshuka. Alikubali akiwa wapi? Mlangoni. Mbona mwanzo ulisema kwenye simu? Mlangoni, akiwa na simu. Simu ya nani? Mtu alikuwa amekwisha, anaitazama meza tu. Wakili wetu akainama kwa heshima, akasema, "Nimeridhika, Mheshimiwa," akaketi.

Kwao, wakili akimaliza kumhoji shahidi husema hivyo. Maana yake ni kwamba maswali yangu yamekwisha. Huku, wakili akisema ameridhika, amekubali alichosema shahidi, na karani wa mahakama anakiandika. Hakimu akainua kalamu, akauliza, umeridhika? Naye, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi safi, akajibu kwamba ameridhika kabisa. Mwenye nyumba akainua kichwa kama aliyesikia namba yake kwenye bahati nasibu. Mshona sare akavuta mkono wa joho la wakili wake, akauliza kama wameshinda. Mkuu wa ofisi anasema alihisi sakafu imetoka chini yake.

Wakili wetu alipoona uso wa mkuu, ndipo alipojua. Akasimama tena. Wakili wa upande wa pili akasimama pia, akasema neno likishaandikwa limeandikwa. Mama wa watu akaomba aseme sentensi moja tu: kwamba alikosomea yeye neno hilo humaanisha maswali yamekwisha, na kama huku lina maana nyingine, kosa ni lake, lisihesabiwe kwa mteja. Hakimu akamgeukia mshona sare na kumuuliza kama alikubali kuhama. Akajibu kwamba hajakubali hata usingizini. Hakimu akalifuta neno, na mshona sare akabaki na duka lake. Ila habari zilifika kwenye baraza, na baraza halikucheka. Likaamuru arudie mwaka mzima wa mafunzo. Kufikia jioni makarani wa mahakama walikuwa wamekwisha kumpa jina, na jina hilo ndilo mnalolisoma juu hapo kwenye nakala zenu.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kibarua cha kueleza. Binti mdogo aliuliza kama mama ameanguka darasa. Mama akasema ndiyo. Binti akafurahi sana, kwa sababu na yeye shule ya huku ilikuwa imemrudisha darasa. Basi wakarudia wote wawili mwaka huo, asubuhi mmoja anashika njia ya shule na mwingine njia ya fotokopi, na fundi akaona wivu mara ya pili, kwamba nyumba nzima ni yeye tu asiye na darasa la kurudia. Mwaka uliofuata baraza lilimpitisha. Lile joho lililojaza nusu ya sanduku lilikuwa linambana kidogo mabegani, akalivaa hivyo hivyo.

Tangu hapo mnajua wenyewe. Amesimama kwa ajili ya wapangaji, walinzi, wapishi wa shule, na mara moja kwa ajili ya yule mlinzi aliyeshindwa kuiamua suti yake, aliyekuwa amesahau swali lake. Ametufundisha utaratibu ambao ofisi nyingine hawana: akimaliza kumhoji shahidi, kabla hajaketi, humwinamia mteja na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Tumemaliza?" Mteja akiitikia, ndipo anaketi. Mahakimu wamemzoea, wanamsubiri. Wengine wanadhani ni adabu. Sisi tunajua ni kovu.

Mimi nilifika hapa miaka sita iliyopita, na nisijifiche, kusambaza hati za mahakama hakuna anayeniweza. Kuna bwana nilimpelekea wito, akaniambia mimi siye, huyo unayemtafuta ni pacha wangu. Nikamwambia sawa, basi wekeni saini wote wawili. Akaweka mbili. Mama Nimeridhika alipozisikia hizo habari alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake mchana akaniita juu, akanionyesha kiti cha mkono mmoja, akaniwekea kitabu cha kidato cha tatu, akasema niketi nisome kwa sauti.

Tangu siku hiyo saa ya chakula cha mchana ikawa yangu. Wenzangu wanashuka kula, mimi nimekaa upande, kitabu kwenye mkono wa kiti, yeye anasaini barua zake huku ananisikiliza, nikikosea anagonga meza kwa kalamu bila kuinua kichwa. Kwa namna hiyo nimefaulu masomo yote ya mtihani wa kidato cha nne isipokuwa hisabati, na hiyo ni ugomvi binafsi kati yangu na watahini, mwaka huu tunamalizana.

Kisha akaja Mgeni Rasmi.

Jina nimempa mimi. Ni wakili kutoka kwao mama, kasoma chuo kile kile alichosoma mama, kaja na shahada ile ile ambayo baraza limemwambia inatambuliwa ila haitoshi. Naye alizunguka ofisi zikamwambia mara amezidi, mara amepungua. Mama akamchukua kwa mwaka wa mafunzo siku hiyo hiyo, bila hata kumpitisha chumba cha fotokopi. Mimi sikusema kitu. Nilisema kwa wachache tu.

Mchana mmoja napanda ngazi na kitabu changu, nakuta jamaa yuko kwenye kiti changu. Kiwiko juu ya mkono wa kiti, mguu juu ya mguu, anasimulia kitu cha kwao kwa lafudhi ya kwao, na mama anacheka. Amevua miwani. Ile ya kuvuliwa miwani ilikuwa yangu, mimi na yule pacha wa saini mbili tuliitolea jasho. Nikaelekezwa nikae juu ya boksi la majalada ya zamani. Baadaye tukagawiwa zamu: yeye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mimi Jumanne na Alhamisi. Hisabati yangu mbovu, lakini tatu kwa mbili naiona hata gizani.

Na ubaya wa Mgeni Rasmi ni kwamba hana ubaya. Mashati yake yamenyooshwa mpaka mgongoni. Anasema tafadhali hata akiomba apishwe mlangoni. Katibu muhtasi, ambaye mimi miaka sita nimemtania akaishia kuguna, anamchekea huyu akisema tu habari za asubuhi. Nilimtafutia kasoro kwa nia njema kabisa, nikaambulia moja: anachemsha maji halafu anasahau kuzima. Nikairipoti. Mama akasema hata yeye alikuwa hivyo alipofika. Yaani hata kasoro yake imekuwa undugu.

Mwezi uliopita ikafika zamu ya Mgeni Rasmi kusimama mwenyewe mahakamani. Mteja alikuwa dereva wa lori aliyeachishwa kazi, na kilichokuwa hatarini mnakijua: akiharibu anarudia mwaka, na mama anastaafu, hakuna ofisi nyingine iliyokwisha kusema itampokea. Mama aliketi kando yake kama msimamizi. Msimamizi haruhusiwi kumtia maneno mdomoni, hata kwa mguu chini ya meza. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na bahasha zangu, nasubiri saini ya karani.

Alihoji vizuri. Inaniuma kuandika, lakini alihoji vizuri, shahidi wa kampuni akabaki anaomba maji. Kisha Mgeni Rasmi akashusha mabega, akainama kwa heshima, nikaona mama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikamsikia anaanza, "Nime..."

Nikakohoa.

Si kikohozi cha mtu mgonjwa. Kilikuwa kikohozi cha kubomoa ukuta. Bahasha zilinianguka, hakimu akaniangalia, askari wa mahakama akanisogelea, na Mgeni Rasmi akageuka. Akaniona. Akafunga mdomo, akamwinamia dereva wake wa lori na kumuuliza kwa sauti ndogo kama wamemaliza. Ndipo akanyooka na kusema, "Nimemaliza, Mheshimiwa." Mama akaachia meza. Dereva amerudishwa kazini, baraza limempitisha kijana. Mwenyewe anadai alikuwa anataka kusema "nimemaliza" tangu mwanzo. Aseme anavyotaka. Nilitolewa nje kwa kuvuruga mahakama, nikakaa kwenye ngazi nikijipongeza.

Alhamisi iliyofuata, siku yangu, nikapanda na kitabu cha hisabati, nikakuta Mgeni Rasmi naye yuko. Kiti kitupu katikati. Nilijua ndiyo siku ya kurithi. Nilikuwa nimekwisha kupima: nyumbani kwetu kingekaa pembeni mwa kabati, mkono umetazama taa. Mama akaweka kalamu chini.

"Kiti nampa huyu," akasema. Nikatazama dirishani, maana macho yalikuwa yanataka kunivunjia heshima. Akasubiri nigeuke. "Na huyu nakupa wewe."

Maana yake alitueleza kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wateja. Saa ya mchana inaendelea. Mgeni Rasmi amefundisha hisabati kwao kabla ya sheria, kwa hiyo atanisomesha mpaka niwashinde watahini. Na mimi nitamfundisha maneno ya huku, yale ambayo hayamo vitabuni, neno kwa neno, asije siku moja akauza kesi ya mtu kwa heshima. Mama mwenyewe hakuwa na mtu wa kumkoholea, akasema, na ule mwaka wa pili bado anauhesabu. Mgeni Rasmi akakisogeza kiti, akaniambia, "Tafadhali, ndugu yangu, leo ni Alhamisi." Nikakikalia. Hata namna anavyokubembeleza inaudhi.

Kwa hiyo, mama yetu, tunakushukuru: wapangaji uliowabakisha majumbani mwao, mawakili uliowapigia meza kwa kalamu, mkuu wa ofisi ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba yeye ndiye aliyekupa chumba cha fotokopi bila kuongeza kwamba alijua tangu siku ile utafika juu. Tunasikia mjukuu wako, mtoto wa yule binti aliyerudia darasa, anaanza shule mwaka huu, na kwamba atakuwa anashinda kwako mchana. Mtoto hajui hata kuandika jina lake, tayari kapewa siku tano. Mwambie kuna mtu huku anazihesabu.

Upate asubuhi zisizo na mahakama, usingizi usiotikiswa na mashine yoyote, na fundi wako apate upande wake wa kitanda. Ukitukumbuka, ngazi unazijua, na mlango utaunyanyua kidogo.

Mimi nimemaliza kusema. Karani aliandike neno langu la mwisho kwa maana ya kwenu na kwa maana ya huku, zote mbili kwa pamoja: nimeridhika.

Siku zile tatu za Mgeni Rasmi tutaziongea baadaye.